Vibati vya Maji Maangavu

Loy Haskett alibakiwa na siku moja ya kuvua, na alikuwa nyuma kwa pauni tisa. Asipozifidia siku hiyo, jina lake linang'olewa ukutani.

Chama cha wavuvi wa Pickerel Ford, mji mdogo wa milimani, kina nafasi ishirini na nne, haziongezwi wala hazipunguzwi. Kila baada ya miaka miwili wanajumlisha uzito wa samaki wa kila mwanachama, na wa mwisho anatoka, ampishe mtu aliyekuwa akingoja mlangoni. Hakuna hotuba wala rambirambi. Mwenyekiti anafungua kisu chake cha mfukoni, anakibandua kibao cha jina kwenye ukuta wa kituo cha zimamoto, anakukabidhi, unakwenda nacho nyumbani. Mwaka huo Loy alikuwa wa ishirini na nne. Wa ishirini na tatu alikuwa Eudell Crabtree, rafiki yake pekee katika milima ile, tena yeye ndiye aliyemwombea nafasi chamani. Mmoja wao alikuwa hana budi kutoka, na wote wawili walilijua hilo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Loy alikuwa na miaka tisa kule milimani na jembe bado hajapewa. Alikuwa mchomeleaji wa vyuma, umri miaka hamsini na mmoja, mtu wa maneno machache. Alihamia kwa sababu mama mkwe wake aliugua, mama mkwe akafa, wao wakabaki. Kanisani walimpa mkono, dukani walimpa chenji. Lakini mahali pekee alipokuwa na namba, kiti na watu wa kumtania ni kwenye kile chama. Walimwita Tope.

Walimwita hivyo kwa sababu alitoka kusini mashariki mwa Missouri, nchi ya pamba na mitaro, ambako maji yana rangi ya chai ya maziwa. Samaki wa huko haoni kitu. Besi, samaki yule wa maji baridi mwenye mdomo mpana na hasira za bure, akiwa huko huwinda kwa kusikia. Kwa hiyo Loy alikua akivua kwa chambo cha makelele: waya uliokunjwa kama pini ya nepi, mkono wa juu una vibati viwili vya mviringo, vikubwa kama vijiko vya supu, vinavyozunguka na kutikisa maji; mkono wa chini una kichwa kizito cha madini ya risasi na ndoana, vimevishwa sketi ya nyuzi za mpira, nene, rangi ya machungwa. Huko kwao chambo hicho kilimpa samaki mpaka mkono ukauma.

Ziwa la milimani lilikuwa jambo jingine. Ukidondosha sarafu mahali penye futi ishirini, ungeweza kukaa ukingoni ukasoma mwaka wake. Miaka tisa Loy alitupa vibati vyake vya machungwa katika maji yale, na miaka tisa samaki walivitazama kama watu wanavyomtazama mlevi anayeingia msibani.

Jumamosi kabla ya ile ya mwisho, alikaa na Eudell kwenye kituo cha mafuta wakinywa kahawa, kama walivyofanya kila Jumamosi. Eudell alikuwa mrefu, mkavu, fundi wa saa aliyestaafu, na alikuwa akitia sukari kana kwamba anamlipiza kisasi mtu.

"Sikiliza, bwana," Eudell akasema. "Usije ukanihurumia."

"Nikuhurumie kwa kipi? Sina samaki."

"Nakujua. Utashika mmoja, utanifikiria, utamwachia. Ukinifanyia hivyo nitajua, na nitakutia ndoana sikioni."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuchinja nikiweza. Mke wangu ameshaning'inizia pazia jipya karibu na ukuta ninapotaka kuweka kombe."

"Kombe gani, Eudell? Sisi ni mkia."

"Hata mkia una ncha, ndugu yangu."

Wakacheka. Lakini walipoachana, kila mmoja alitazama kando.

Jioni ile Loy alinunua miwani ya kuzamia kwa dola tisa. Kesho yake, baada ya ibada, alivua suruali kwenye gati ya mbao nyuma ya nyumba yao, akashuka ziwani. Ilikuwa Oktoba. Maji yalimshika mbavu kama koleo.

Mkewe, Arvetta, alisimama juu ya gati amevaa koti, ufito wa kuvulia mkononi, na mbele yake vyambo kumi na kimoja vimepangwa kwenye taulo.

"Mzee, ukifia humo mimi sikutoi," akasema. "Nitawaita zimamoto waje wakukute na chupi hiyo."

"Tupa kile cha machungwa. Kipitishe mbele yangu."

"Miaka thelathini ya ndoa, na leo ndio nakuvua."

Loy akavuta pumzi, akazama, akashika nguzo ya gati. Chambo chake kipenzi kikaja. Kikapita mbele ya miwani kama bendi ya harusi. Aliona waya, aliona kichwa cha risasi na macho aliyokichora mwenyewe kwa rangi, aliona ndoana yote mpaka kwenye ncha. Besi mdogo aliyekuwa kivulini mwa gati aligeuza ubavu, akaondoka zake bila haraka, kama mwenye nyumba anayefunga mlango.

Akaibuka, meno yanagongana. "Kingine. Cha kijani."

Hicho nacho kilionekana chote. Cha buluu vilevile. Akazama, akaibuka, akazama, akaibuka. Kilipofika cha saba, kidogo, chenye vibati vyembamba vya fedha vilivyochongoka kama majani ya mwerebi, mambo yalibadilika kidogo. Vile havikutikisa maji, vilimeta tu. Lakini sketi ilikuwa nene, na ndani yake ndoana ilionekana kama mfupa kwenye mchuzi.

"Nipe mkasi," Loy akasema.

"Mkasi wangu wa nguo? Kwa mpira? Sikupi."

"Arvetta!"

Akampa. Loy, maji kifuani, mikono imekufa ganzi, akaipunguza ile sketi nyuzi moja moja, mpaka ikabaki nusu, kisha pungufu ya nusu. Mkasi ukateleza, ukamkata ukucha wa kidole gumba cha kulia, nusu yake ikaning'inia. Alitukana kimoyomoyo, maana ilikuwa Jumapili, akaung'oa.

"Sasa vuta. Haraka kuliko mwanzo. Kama unamkimbiza mwizi."

Akazama. Akangoja. Akaibuka.

"Mbona hujavuta?"

"Nimevuta! Kimeshafika hapa, hiki hapa mkononi!"

"Sikukiona."

"Ulifumba macho."

"Nimeona mmweko tu. Mmoja, wa pili, basi. Kama dagaa aliyestuka." Alikuwa anatetemeka mwili mzima na anacheka. "Hakuna waya, hakuna ndoana, hakuna kichwa. Mmweko tu, mama!"

Arvetta alimtazama. "Kwa hiyo tumemaliza miaka tisa tukinunua vitu vinavyoonekana, na sasa unataka visivyoonekana. Hivyo vinauzwa duka gani?"

Haviuzwi. Alivitengeneza mwenyewe bandani, wiki nzima baada ya kazi. Waya mwembamba. Kichwa kidogo cha risasi, hakukipaka rangi, hakukichora macho. Sketi nyeupe yenye nyuzi chache za kijivu, unayoweza kuona mkono wako kupitia ndani yake. Vibati vyembamba: jozi mbili za fedha kwa ajili ya jua, kwa sababu visamaki vya ziwa lile humeta hivyo juani, jozi mbili za shaba ya njano kwa ajili ya mawingu, kwa sababu mwanga ukipungua fedha hufa na njano hubaki hai. Vyambo vinne. Muda ulimtosha hivyo.

Na alijifunza jambo jingine kule chini, ambalo hakumwambia mtu. Upepo ulipopita na maji yakakunjamana juu, hata yeye mwenye miwani hakuona vizuri. Watu wa milimani walikimbia upepo. Walijificha kwenye vihori, vighuba vidogo vya ziwa vilivyotulia, wakavua chini kabisa kwa minyoo ya mpira na mishipi myembamba kama unywele. Loy akajisemea: hapo wanapopakimbia ndipo pa kwenda.

Ijumaa jioni wakapiga kura kwenye kituo cha zimamoto, nani apande mashua ya nani. Majina hutolewa kwenye kofia ya chuma ya zimamoto. Loy, ambaye hakuwa na mashua, alitoa karatasi yake, akaisoma, akaikunja.

"Umepata nani, Tope?"

"Stonecipher."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Burl Stonecipher alikuwa bingwa mara tano, mwanamume mnene mwenye shingo nyekundu, na mashua yake mpya ilikuwa na rangi ya divai inayometameta mpaka ungeweza kujitazama humo ukinyoa ndevu.

"Karibu melini," Burl akasema. "Viatu uvue. Na hayo masufuria yako ya machungwa usiyagonge-gonge kwenye rangi yangu."

"Nimeyaacha nyumbani. Nimebeba moja tu."

"La kupikia?"

Eudell hakucheka. Alikuwa anautazama ukuta wa vibao.

Asubuhi ziwa lilikuwa kioo. Wavuvi wawili wa mashua moja hawasaidiani. Kila mtu hupima samaki wake watano. Lakini mwenye mashua husimama mbele, huongoza mota ndogo ya umeme kwa mguu, na kila mahali hupatupia yeye kwanza. Wa nyuma huokota makombo. Burl aliingia kihori kimoja hadi kingine, akashusha minyoo yake ya mpira futi thelathini chini, na kufika saa tano alikuwa na samaki wanne kwenye tangi la maji pale mashuani. Loy alikuwa na baridi.

Saa tano upepo ukaanza kutoka kusini. Mwanzo ulikuna maji, kisha ukayakunja. Burl akageuza mashua kutafuta kihori kingine kilichotulia.

"Burl," Loy akasema. "Naomba mbele."

Burl akageuka polepole. "Nini?"

"Kanuni ya sita. Wa nyuma ana haki ya mbele nusu ya siku akiomba."

"Najua kanuni ya sita, bwana. Niliiandika mimi."

"Basi unaijua."

"Niliiandika miaka kumi na saba iliyopita, na hajatokea mtu mmoja aliyekosa adabu kiasi cha kuiomba."

"Yuko mmoja leo."

Burl akatema mate majini. "Na kanuni ya saba? Anayesimama mbele ndiye anayelipia mkwaruzo."

"Najua."

"Unataka twende wapi?"

Loy akanyoosha kidole upande wa pili, kwenye rasi ya miamba, ambako upepo ulikuwa unapiga mawimbi mpaka yanatoa povu.

"Mungu wangu," Burl akasema. "Tope ameamua kuniua."

Walipofika mashua ilikuwa inaruka kama punda. Jua lilikuwa kali, kwa hiyo Loy akafunga vibati vya fedha. Akatupa karibu kabisa na mwamba, akaanza kukunja mshipi mbio, chambo kikipita shubiri moja chini ya maji. Mara ya nne kilinasa jiwe, mshipi ukakatika. Chambo kimoja kimekwenda. Burl alitabasamu.

Loy akafunga cha pili cha fedha, akatupa. Hakuhisi kuguswa. Alihisi mshipi umekwenda kinyume, basi. Akavuta ufito, na besi akatoka majini akitikisa kichwa, anang'aa kijani na nyeupe katika jua.

"Wavu!"

Burl akauchukua wavu. Kule milimani mtu anaweza kukuchukia, kukusema, kukunyima salamu. Lakini akikataa kukuinulia samaki kwa wavu, hata mbwa wake hatamheshimu. Akamwinua. Pauni tatu.

"Bahati," Burl akasema.

"Bahati," Loy akakubali, akatupa tena.

Wa pili alikuja baada ya dakika sita. Wa tatu alikipiga chambo hatua mbili tu kutoka mashuani, Burl akamwona kwa macho yake akipanda kutoka chini kama mshale, bila kusita, bila kukagua. Huyo hakuwa samaki anayetazama. Alikuwa samaki aliyestukizwa. Burl akafumba mdomo uliokuwa wazi.

Kisha chambo cha pili kikabaki kwenye ufa wa mwamba, na wingu likalifunika jua. Loy alisimama akiyatazama maji yakigeuka kijivu. Vile vya fedha vilikuwa vimeisha, na hata vingekuwepo asingevifunga. Akachukua shaba ya njano.

"Kwa nini hicho?" Burl akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka tisa kumwuliza swali ambalo halikuwa dhihaka.

"Mwanga umepungua."

Alipotupa mara ya pili akapata wa nne, wa pauni tatu na nusu.

"Haskett," Burl akasema. Hakusema Tope. "Nipe kimoja."

Loy akafungua sanduku, akapekua, akampa kile cha machungwa. "Chukua hiki. Kinaonekana vizuri."

Burl akakitazama mkononi, kikubwa kama kengele ya ng'ombe. Shingo ikamwiva. Kisha tumbo likaanza kutikisika, akacheka mpaka akashika kiti. "Mwana wa kobe wewe!" akasema. "Mwana wa kobe!" Akarudi kwenye minyoo yake, na hapohapo katika mawimbi akaongeza samaki wa tano, mdogo.

Ilibaki nusu saa ya kurudi. Loy alipiga hesabu kichwani. Samaki wanne, kama pauni kumi na tatu hivi. Hakujua Eudell ana nini. Akatupa kwenye ncha kabisa ya rasi, mahali ambapo maji yalikuwa yanachemka, shaba ya njano ikakatika kwenye jiwe. Cha tatu kimekwenda. Akafunga cha mwisho, kidole kisicho na ukucha kikivuja damu kwenye mshipi, akatupa palepale.

Huyu hakuruka. Alikwenda chini, mzito, akapita chini ya mashua, na ufito ukapinda mpaka kwenye maji. Loy alipiga magoti. Hakuweza kuikanyaga mota tena. Upepo ukaishika mashua ukaanza kuisukuma kwenye mwamba.

"Burl! Mwamba!"

Burl alikuwa na wavu mkononi. Mota ilikuwa hatua tatu mbele yake. Alitazama mota, akatazama maji, na pale chini, katika maji yale maangavu, akamwona samaki, mdomo wazi, mkubwa kama ngumi ya mtu mzima, ndoana imeshika ngozi nyembamba ya pembeni. Akapiga magoti karibu na Loy, akautumbukiza wavu.

Mashua ikagonga. Mlio wake ulikuwa kama kucha ubaoni, mrefu, hauishi. Burl alifumba macho mpaka ulipokwisha. Kisha akainua wavu, na ndani yake alikuwamo.

"Pauni nne na zaidi," akasema. "Na wewe ndiye ulikuwa mbele."

"Nilikuwa mbele," Loy akasema, akiwa amelala chali, anacheka kuelekea mbinguni.

Watu walijaa kwenye gati ya kupimia, mbele ya kituo cha zimamoto. Eudell alikuwa ameshapima: samaki wawili, pauni nne na aunsi sita. Loy alihitaji kumi na tatu na aunsi saba ampite. Burl alipima kabla yake, pauni kumi na nne na aunsi mbili, akapigiwa makofi kama kawaida, wa kwanza mpaka hapo. Hakushuka jukwaani penye mzani. Akauchukua mfuko wa samaki wa Loy kwa mikono yake, akaumimina kwenye beseni la mzani.

Namba zikapanda, zikatulia. Kumi na saba na aunsi nne.

Watu wakasogea kuzisoma. Kisha sauti ya Arvetta ikatoka nyuma kabisa: "Huyo ni wangu! Huyo mwenye miwani ya kuzamia ni wangu!" Gati ikalipuka. Watu ishirini walimpiga Loy mgongoni mpaka akakohoa. Mtu alimtwika kofia ya chuma ya zimamoto. Mwingine, ambaye hakuwahi kumsalimia kwa mkono, alimkumbatia shingo akimwuliza masikioni, "Ni nini? Ni rangi gani? Niambie mimi tu!" Na Burl, juu ya jukwaa, akanguruma: "Nyamazeni! Mtu wa kwanza kumwita Tope nitamtupa ziwani!" Loy alisimama katikati yao, kofia imemfunika macho, miaka tisa imemtoka begani kama gunia, na alicheka kwa sauti ambayo hakujua anayo.

Eudell alipita katikati ya watu, akampa mkono. Aliushika sana.

"Hukunihurumia," akasema.

"Hapana."

"Vizuri."

Nyuma yao, ukumbini, mwenyekiti alikuwa anafungua kisu.

Pauni zile kumi na saba zilimgharimu Loy Haskett vyambo vitatu vilivyobaki kwenye mawe ya rasi, ukucha mmoja wa kidole gumba, Jumamosi sita za kumchomelea Burl trela lake bure kufidia mkwaruzo wa inchi kumi na tisa, na Eudell Crabtree, ambaye siku hizi kahawa anainywa nyumbani kwake.